Jina la Kuchapwa Fulanani

"Mama, usinifokee! Misemo yote ya kanga ishanunuliwa, hata matusi," alisema binti yangu Salha. "Fulana nichape nini?"

"Chapa maua."

"Maua nayo yana wenyewe."

Alilitaka Kidundu, jina nililombandika mwanawe. Duka lake la mtandaoni, la kuchapa fulana mteja akiagiza, halingefunguliwa bila neno lisilo na mwenyewe. Na neno likishasajiliwa halitamkwi tena bure, hata nyumbani.

"Mjukuu wangu nitamwitaje?"

"Mpigie makofi. Vibarua vimekwisha, Mama. Uji wake utatoka wapi?"

Usajili ulitaka sauti ya aliyelitunga, basi nikamnyang'anya simu nikatamka, "Kidundu."

Mkekani mtoto akacheka, akaninyooshea mikono.