Hesabu ya Mkwe

Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo. Ya pili ilimbwaga katikati ya mabomba ya shaba.

"Simama!" Mzee Baridi alinguruma. "Simama uniambie ulipiga hesabu gani!"

Mhandisi alisimama. Hakujikinga. Angemnyanyuliaje mkono baba mkwe wake?

Jina la Baridi mzee alipewa na wateja, kwa kazi yake ya kufunga majokofu. Hasira zake zilikuwa moto wa kuotea mbali. Binti yake wa pekee alirithi ufundi huo, akaolewa na mhandisi, na wote watatu wakafanya kazi karakana moja. Baba na binti waliunga mabomba na kujaza gesi. Mkwe alikaa kwenye kompyuta. Kila gesi ya jokofu ina tabia yake: kwa joto lile lile, moja husukuma taratibu, nyingine hupasua chuma. Yeye ndiye aliyepiga hesabu za presha na joto, akauona mtambo mzima ukifanya kazi kwenye skrini kabla hawajakata bomba hata moja.

Wiki iliyopita waliwasha chumba cha baridi cha bucha moja. Binti alikuwa ameinama juu ya tangi la gesi lilipolipuka. Walimzika bila kumfunua uso.

"Ulisema litahimili!" Teke likamwingia mbavuni, kitu kikalia ko! ndani yake. "Ulisema presha haitafika hata nusu ya uwezo wake!"

"Nilisema, Baba."

"Umeirudia hiyo hesabu?"

"Nimeirudia." Alitema damu. "Tangu asubuhi nairudia."

"Enhe?"

Mhandisi alimtazama mzee: macho mekundu, spana kubwa mkononi kama shoka. Mlangoni, mama mkwe alikuwa ameganda, kiganja mdomoni.

"Nilikosea," mhandisi alisema. "Kosa ni langu peke yangu."

Spana ilishuka, ikamvunja mkono. Ikapanda tena, ikilenga kichwa, na ingemmaliza kama mama asingejitupa katikati.

"Basi, mume wangu! Unataka tumzike na huyu?"

Mzee aliibwaga spana sakafuni. Alitoka akipepesuka, akilia kwa sauti bila kujali nani anamsikia barabarani.

Mama alipiga magoti, akachana kitambaa, akaufunga ule mkono. Kilio cha mumewe kilipofifia kabisa ndipo alipoinamia sikio la mkwewe.

"Mungu akulipe, mwanangu. Ule mtungi wa gesi aliojazia tangi nimeufukia nyuma ya nyumba. Mume wangu asije akajua kwamba siku ile alijaza gesi isiyo yenyewe, kwa mikono yake mwenyewe."