Maji ya Mpira Mweusi

"Kunywa we kwanza," kamanda alisema, akamsukumia Florentine glasi.

Wanajeshi wake tisa walikuwa wanaharisha. Mwaka ule wa vita kipindupindu kilikuwa kimeushika mji wote wa Baraka, lakini kamanda alijiona mtu wa kutiliwa sumu tu. Florentine aliitazama glasi. Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu. Akayanywa yote, akairudisha glasi mezani kwa kishindo.

"Mashine iko muzima, komanda. Uulize basoldat kama banakunawa mikono."

Mwingine angepigwa risasi kwa jibu hilo. Lakini mashine ile ya kuchuja maji iliachwa na Zakaria, mwenye maboti aliyekimbilia Kigoma, na hakuna mwingine mjini aliyejua kuiosha membreni yake, kile kiini kinachozuia uchafu. Kamanda alipoichukua nyumba ya Zakaria, alimchukua na fundi wake, Florentine.

Membreni huyagawa maji ya ziwa mafungu mawili. Masafi hutokea kwenye mpira mweupe, uchafu wote husukumwa kwenye mpira mweusi. Mweupe uliishia jikoni kwa kamanda. Mweusi ulipita ukutani, ukamwaga nje mtaroni. Watoto wa avenue ile, mtaa wa Florentine, walipoanza kuzikwa, Florentine aliomba ndoo mbili tu za mpira mweupe kila siku. Kamanda alicheka mpaka akashika mbavu, akasema raia wachote ya mtaroni.

"Basi tutachota," Florentine alijibu. Mchana ule aliifungua mashine, akaosha membreni, akafunga kila kitu, kisha akawaita majirani waje na mabidoni, madumu yao ya maji.

Walikuja, kwa sababu kisima kilikuwa kimeharibika na ziwani ndiko kifo kilikotoka. Lakini walimchukia. Leo, alipotoka kwa kamanda, alimkuta dada yake mkubwa Georgette amechuchumaa kwenye mpira mweusi, bidoni yake ikijaa.

"Miezi mbili batoto bangu banakunywa takataka," Georgette alisema bila kumtazama, "na we uko unakunywa maji ya kamanda."

"Kuko mwenye alikufa, yaya?" Florentine alimuuliza dada yake.

"Ni Mungu anabachunga. Haiko we."

Neno hilo lilimuuma Florentine kweli kweli. Lakini mlinzi wa kamanda alikuwa amesimama hapo hapo na bunduki yake, basi Florentine akainama, akamsaidia dada yake kuinua bidoni.

Kesho yake asubuhi Florentine alianza kuhara, na kufika saa sita hakuweza kusimama. Georgette, pamoja na hasira zake zote, alimbeba mgongoni hadi kwake, akamlaza kwenye mkeka. Midomo ya mdogo wake ilikuwa imekauka, macho yameingia ndani. Georgette akanyakua kikombe, akasema anakwenda kumpigia kamanda magoti ampe maji ya mpira mweupe, hata kidogo.

Florentine akamshika pindo la kitenge, akanong'ona.

"Ile hapana, yaya. Nipatie ya bidoni yako. Mipira niligeuza siku ile kamanda alicheka."