Ufa wa Nguzo

Tovuti ya kaunti ya kuripoti majengo mabovu ilikataa picha aliyopiga Ndinda mara ya tatu kwa kuwa ilikuwa kubwa mno. Ilikuwa picha ya nguzo ya ghorofa analoishi, pale mtaani Kware. Ufa ulikuwa umeipasua kutoka chini, na vidole viwili vya Ndinda vilikuwa vimezama ndani yake.

Akaketi kwenye ngazi, akafungua kwenye simu programu ya bure aliyopakua asubuhi. Alipoipunguza picha sana, ufa ukawa kama unywele tu. Akaifuta hiyo, akaanza upya polepole, mpaka ikatoshea kiwango cha tovuti huku vidole ndani ya ufa bado vinaonekana.

Msimamizi wa ploti hiyo ya kupangisha akaja kusimama mbele yake.

"Mama, ukituma hiyo, leo leo utafute nyumba."

"Nitatafuta."

"Na majirani? Kaunti ikifunga hapa, watu wa orofa zote saba wataenda wapi?"

"Sijui. Lakini wataenda wakiwa hai."

Msimamizi akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

Ndinda akainuka, akamtazama usoni.

"Ngoja kwanza iende," alisema, akabonyeza "Tuma".