Karibu ya Mdomoni

Ujira wa siku nzima wa kufua mashuka ya nyumba ya wageni uliishia kwenye baga moja. Mwanamvua hakujuta. Miguu ilikuwa inawaka moto, na mwaka mzima alikuwa akinusa tu harufu ya baga kila akipita nje ya mgahawa uliozikaanga. Aliketi kwenye benchi, akafungua karatasi, akaing'ata. Nyama ilikuwa laini, yenye harufu ya moshi. Akafumba macho.

Alipoyafumbua, muuza mkaa mmoja alikuwa ameketi kando yake, hoi kama yeye.

"Karibu, mama," akasema kama alivyolelewa, akingoja kukataliwa kwa adabu: "Starehe."

"Ahsante, mwanangu. Nimekaribia."

Mama akapangusa vidole vyeusi kwenye kanga, akaimega baga katikati. Wakala.

"Umenunua ghali?"

"Wala, mama."

"Basi wamejipunja."

Likabaki tonge moja tu. Mwanamvua alipoliinua, mfagia barabara akaja, akaegemeza ufagio wake, akaketi upande wa pili akihema. Mwanamvua akamtazama, akalitazama tonge lake, na ulimi ukaanza kujongea wenyewe: "Kari..."