Unga wa Meli

Kuokota si kuiba, alijiambia Bi Siwema alipoliburura lile gunia kutoka ufukweni, siku ya pili baada ya nyambizi ya maadui kuizamisha meli ya mizigo. Unga wa pembeni uliganda kama saruji, lakini wa kati ulikuwa na unyevu kidogo tu, na kwa njaa ile ya vita, nani angeirudishia bahari chakula? Akapika chapati, akazipeleka matangani kwa shoga yake Mwajabu, ambaye mumewe alikuwa mchochea makaa wa meli hiyohiyo.

Tangu habari zifike, Mwajabu hakuwa ametia kitu kinywani. Chapati ya Siwema akaila.

“Makubwa!” jirani akatania. “Bi Siwema leo katia chumvi kama mwali wa jana!”

Wanawake wakacheka chinichini. Siwema naye akajichekesha. Chumvi hakutia hata chembe. Ile ilikuwa ya bahari.

“Mwacheni, tamu hivihivi,” Mwajabu akasema. “Unga umeupata wapi, shoga, siku hizi?”

“Mungu kaleta tu.”



“Basi nipe nyingine.”

Siwema akaivuta sahani kifuani, na mjane akingoja, kiganja wazi.