Somo la Shekiondo

Sheria ilimtaka kila anayeishi na mgonjwa wa baridi yabisi ayabebe maumivu yake mara moja kwa mwaka, ili ajifunze. Mgonjwa ndiye aliyeamua somo limekwisha lini.

Asubuhi hiyo muuguzi alimvalisha Shekiondo bangili moja, akamvalisha mkewe Zaituni ya pili, akaaga. Papo hapo vidole vya Shekiondo viliwaka moto, kikombe cha chai kikamponyoka. Alijaribu kusimama, magoti yakagoma.

Zaituni alikunja ngumi, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akakanda unga wa chapati, kazi ambayo hakuwa ameiweza kwa miaka sita. Miaka yote hiyo mumewe alisema anajidekeza.

"Mama Nakiete, nimeelewa," Shekiondo alisema, jasho likimtiririka. "Nivue bangili."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba inauma. Nisamehe, mke wangu."

"Nimeshakusamehe, Baba Nakiete." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtia mumewe hofu. "Lakini hiyo ni asubuhi tu."

Kufika alasiri Shekiondo alikuwa akilia. Zaituni alimlisha, akampangusa machozi, kisha akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi?"

"Korogwe, kwa dada. Sijamtembelea tangu niugue. Usiogope, nitarudi."

"Utarudi lini?"

Zaituni alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu, taratibu, akivitazama vidole vyake vikifanya kazi.