X Nyekundu

Juliana alikuwa amepiga magoti migombani nyuma ya nyumba yake, anasugua jiwe. Mafuta ya taa, mchanga, gunzi la mahindi, na bado ile rangi nyekundu ilikuwa inatoka kwa mbinde. Kila akisugua kidogo aligeuka kutazama njiani. Hakukuwa na mtu. Kitongoji kizima kilikuwa kikaoni.

Kikao chenyewe alikikwepa makusudi. Yeye si mtoto. Dada yake Magreth, kule Mikese, aliitwa kikaoni hivyohivyo, akapewa soda, akasaini mahudhurio, na baadaye akaambiwa kwamba sahihi ile ndiyo ya kukubali kuhama. Ukutani kwake walishapiga X nyekundu. Katapila lilikuja asubuhi, uji ukiwa bado jikoni.

Sasa X ileile imepanda mlima, imekuja kumkuta yeye huku Uluguru. Tangu aione, Juliana hakulala.

Aliyeichora ni kijana mpole, Godlisten, mtaalamu wa miamba kutoka serikalini, nyundo kiunoni. Alimwamkia vizuri tu, shikamoo mama, kisha akamega kipande cha jiwe akamwonyesha. Mawe ya milima hii ni ya kale mno, alisema. Yalizama chini kabisa ardhini, yakapikwa, yakakandamizwa, ndiyo maana yamelaliana tabaka juu ya tabaka kama chapati kwenye sahani. Ndani ya kipande kile zilimeta punje nyekundu.

"Kumbe ni madini," alisema Juliana.

"Ni ganeti, mama. Ndogo hivi hazina bei."

Juliana akasema moyoni: endelea tu kunificha.

Godlisten akaingiza kiganja kwenye ufa wa jiwe. Akauliza kama mwaka jana ufa ule ulikuwapo. Akachuchumaa kutazama tabaka zimeinamia upande gani, akaitazama nyumba iliyo chini yake, akauliza wanalala watu wangapi mle ndani. Hapo ndipo Juliana alipopata uhakika, maana hata kwa Magreth walianza kwa kuhesabu watu.

"Hii alama msiiguse, mama," alisema akifunga kopo la rangi. "Ni kwa faida yenu."

Kwa faida yenu. Maneno yaleyale aliyoambiwa Magreth, bila hata kubadilisha moja.

Na hili si shamba la kununua. Ni ardhi ya ukoo. Bibi yake alimwachia mama yake, mama akamwachia yeye, na yeye amwachie binti yake Prisca. Awe ni yeye wa kuipoteza? Angeweka wapi uso wake?

Kwa hiyo alisugua. X nyingine alijua ziko wapi: mawe yote ya juu ya nyumba za jirani yalikuwa nazo, hadi la kwa shoga yake Editha. Roho ilimsuta, awaambie na wao wafute. Lakini wakifuta wote si itajulikana? Akanyamaza. Kila mtu na lake. Alipomaliza alipaka jiwe tope na utomvu wa mgomba, akarudi nyuma kulitazama. Hata mwenyewe asingejua.

Jioni Editha alisimama mlangoni. "Mama Prisca, umelala? Nikusimulie ya kikaoni."

Juliana akajifunika khanga usoni, akakoroma.

Kesho yake alimwachia Editha watoto, Prisca na mdogo wake, akashuka kwenda Mikese kumwuliza Magreth mtu anajiteteaje mapema, kabla katapila halijafika. Editha akataka tena kuanza habari ya kikao. Juliana akamwambia atachelewa gari.

Mvua ilimkuta Mikese. Ilinyesha usiku, ikanyesha mchana, na Uluguru ikapotelea ndani ya wingu. Juliana hakukaa wala hakusimama. Alikuwa anaiona nyumba yake imelala chini, watoto nje na magodoro kichwani.

"Si umpigie mwenyekiti," alisema Magreth. "Utajiua kwa mawazo."

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Anselmi, alipokea haraka.

"Shikamoo, mwenyekiti. Wale watu wa X wamekuja?"

"Marahaba, Mama Prisca. Godlisten kapiga simu asubuhi hii. Anasema kwa mvua hii mawe yanaanza kuteleza kufuata tabaka zake. Kila nyumba iliyo chini ya jiwe lenye X, watu watoke upesi. Kama alivyotueleza kikaoni."

Juliana akakaa palepale barazani, kwenye maji.

"Mwenyekiti, wanangu wako kwa Editha. Kwa Editha kuna X."

"Tulia, mama. Editha tumeshamtoa, na wanao pia. Tumewatoa wote: wazee, wagonjwa, hadi yule mzazi wa juzi na kichanga chake." Mzee Anselmi alikuwa anahema, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Nyuma yake zilisikika sauti za watoto, na mwanamke mmoja alikuwa ameanzisha rozari. "Kanisani hakufikiki, mto umejaa. Ila tumekagua mawe yote, na Mungu ni mwema: la kwako peke yake ndilo halina alama. Tumo nyumbani kwako, mama. Kitongoji kizima."